Mapambo ya Wazee Wetu Yasiishie Katika Mizani ya Sonara

Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipofiwa na mumewe alivua mapambo yake yote akaingia eda: kipini cha puani, mkufu wa shingoni, na ile kekee ya fedha ambayo tangu utotoni mwangu sikupata kuuona mkono wake bila ya hiyo. Miezi minne na siku kumi zilipotimia alitoka edani, lakini kekee hakuirudisha mkononi. Aliifunga katika kitambaa, akaitia ndani ya kasha lake, na humo ikakaa mpaka naye akatutoka.

Siku ya mirathi kasha likafunguliwa. Sisi tu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, kwa hivyo mafungu ni sita na hilo halina mjadala. Mkufu na kipini ni dhahabu. Vikapimwa, vikauzwa, kila mtu akapokea haki yake. Zogo lilizuka juu ya kekee. Mdogo wangu alisema nayo ikayeyushwe, kwani mikono minne haivai kekee moja. Dada yetu mkubwa akaanza kulia. Mimi nilinyamaza, maana nilikumbuka mitali ya bibi, ambayo sisi wenyewe tuliipeleka kwa sonara mmoja nilipokuwa kijana. Aliivunja, akaipima, akatupa bangili mpya zinazong'ara. Leo hapana hata mmoja wetu ajuaye bangili zile ziko wapi, lakini mlio wa mitali bibi akishuka ngazi ningali nausikia.

Sonara simlaumu. Yeye huuziwa fedha, naye hununua fedha. Wala simlaumu mwenye dhiki, ambaye watoto wamerudishwa kwa karo na bei ya dhahabu imepanda kama ilivyopanda sasa. Huyo na auze, ni halali yake. Nasema na sisi tusiokuwa na dhiki hiyo, tunaoyeyusha majasi na vidani vya wazee kwa sababu tu vimepitwa na wakati, au kimoja kimepotea na kingine kimebaki bila ya mwenziwe.

Mafundi wa fedha wa Lamu wamekwisha kutuonyesha njia. Sahani za Kichina zilizokuwa zikipambwa katika vidaka vya nyumba za mawe zilipovunjika, vigae vyake havikuishia jaani vyote. Fundi hukichukua kigae kimoja chenye ua la buluu, akakichonga, akakizungushia fedha, kikawa pete au kidani. Ikiwa kigae cha sahani kimepata heshima hiyo, seuze kekee ya mama?

Basi tukafanya hivi. Kwanza tulimlipa mdogo wetu thamani ya fungu lake, kwani pambo la maiti ni mali ya warithi wote, na si halali mmoja kulipigilia ukutani kwake kwa kisingizio cha ukumbusho. Kisha tukaenda kwa seremala, akatuchongea kisanduku cha mbao chenye kioo mbele, kina chake vidole vitatu. Ndani tukatandika kipande cha kisutu chake mama, kilichokwisha kuchakaa, na kekee ikashonwa juu yake kwa uzi wa pamba. Nasema ikashonwa, gundi haikuingia humo. Kilichogandishwa kwa gundi hakitoki ila kwa kuumizwa. Na msitandike sufu wala mpira, kwa kuwa vitu hivyo vina kiberiti ndani yake, na kiberiti huifanya fedha iwe nyeusi.

Chini yake niliandika kwa mkono wangu: jina la mama, nani alimpa kekee, na siku gani aliivua. Niliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ndizo alizozijua yeye, na chini yake kwa herufi za Kizungu kwa ajili ya wajukuu ambao, kwa masikitiko, zile za kwanza hawazisomi. Sehemu hii ndiyo kubwa kuliko kioo na mbao. Nenda kwenye jumba la makumbusho la Lamu au Fort Jesus ukatazame mapambo. Aghalabu utaambiwa kitu ni nini na kimetoka wapi, aliyekivaa hutajwi jina lake.

Wako vijana wanaokusanya vipuli vilivyovunjika wakavipanga ubaoni vikawa mti au jahazi, na kazi yao yapendeza. Wengine hufanya ndege na paa; mimi niliyefundwa chuoni hapo husita, lakini si neno la leo.

Neno la leo ni zaka. Sisi wa madhehebu ya Shafii tumezoea kwamba pambo la halali livaliwalo na mwanamke halitolewi zaka. Lakini lililoacha kuvaliwa likawekwa akiba hukumu yake ni nyingine, na kioo hakilitoi katika hesabu. Dhahabu ikifika gramu 85, au fedha gramu 595, na mwaka ukapita, ni asilimia 2.5. Kekee moja haifiki huko, ila wako wenye makasha mazito. Muulize sheikh wako kabla hujapiga msumari. Na fremu yenyewe iwe ya mbao.

Kisanduku kimetundikwa kwa dada mkubwa. Binti yake alipoolewa, ule uzi ulikatwa, akavaa kekee ya bibi yake usiku mzima wa kutolewa nje. Mdogo wangu ndiye aliyeshika mkasi. Asubuhi yake dada akaketi na sindano akaishona tena, na mdogo wangu akaniita kando kuniuliza kama yule seremala angali na mbao.