Sinema Meru na Embu: Mamlaka kwa kaunti, watazamaji vibandani

KATIBA ya 2010 ina maneno machache ambayo ni nadra kusikika katika majukwaa ya siasa za Meru na Embu. Katika Sehemu ya Pili ya Jedwali la Nne, ambapo majukumu ya serikali za kaunti yameorodheshwa, sinema na maonyesho ya video yametajwa bayana, sambamba na maktaba, makavazi na viwanja vya michezo. Isitoshe, Kifungu cha 209 kinazipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya burudani. Kwa hivyo, tangu serikali hizo zilipoanza kazi mnamo 2013, mwenye ufunguo wa ukumbi wa sinema, pamoja na sanduku la kodi yake, ni kaunti wala si Nairobi.

Swali ni iwapo ufunguo huo umewahi kutumiwa kwa lolote zaidi ya kukusanya ada.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Meru ilikuwa na watu 1,545,714 na Embu 608,599. Kuna vyuo vikuu vilivyopata hati zao katika kipindi hiki hiki cha ugatuzi, kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru mnamo 2013 na kile cha Embu mnamo 2016, na maelfu ya vijana wao hutafuta mahali pa kwenda jioni. Watazamaji, basi, si haba. Kinachokosekana ni fikra kuhusu watazame wapi, na watazame nini.

Ili kuelewa hali hiyo, yafaa ikumbukwe kwamba historia ya sinema mashariki mwa Mlima Kenya si historia ya majengo. Nairobi na Mombasa zilikuwa na kumbi za kifahari, nyingi zikiendeshwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Huku mlimani sinema ilifika kwa magurudumu. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa majaribio uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 kuhusu kilimo, afya na uwekaji akiba, kisha ukazizungusha kwa lori katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati. Picha zilikuwa za milimita 16, na sauti ilitoka kwenye sahani ya santuri.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mnamo 1939, serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu kwa ajili ya makoloni. Wakuu wake waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, wakaagiza filamu zitengenezwe polepole, jambo moja baada ya jingine. Ilikuwa dharau iliyovikwa joho la taaluma. Hata hivyo, utaratibu wa maonyesho uliozaliwa wakati huo ulidumu kwa miongo mingi: gari lenye jenereta na projekta, shuka nyeupe iliyotundikwa uwanjani, na kando yake mtu mwenye kipaza sauti akiwaeleza watazamaji kwa lugha yao kilichokuwa kikitendeka.

Mtu huyo wa kipaza sauti alikuwa na uzito kuliko filamu yenyewe. Hali ya hatari ilipotangazwa mnamo Oktoba 1952, Meru na Embu zikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Kati, magari ya sinema yalitumiwa kupeleka vijijini ujumbe wa serikali dhidi ya Mau Mau. Baada ya uhuru magari hayo hayakutoweka. Wizara ya Habari iliendelea kuyatuma mashambani, picha za sherehe za kitaifa na hotuba za viongozi zikitangulia vichekesho. Kampuni za kibiashara nazo zilifuata njia iyo hiyo zikitangaza sabuni na dawa. Makanisa pia hayakubaki nyuma. Filamu ya maisha ya Yesu iliyotolewa mnamo 1979 ilizungushwa kwa namna hiyo katika pembe nyingi za nchi. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba kumbi kadhaa za Nairobi zilikuja kugeuzwa makanisa, ilhali vijijini kanisa ndilo lililoleta sinema.

Kuna kinaya kingine. Mnamo 1966 filamu ya "Born Free" ilipeleka kisa cha simba Elsa katika kumbi za dunia nzima, na ikatuzwa Oscar mbili kwa muziki wake. Simba huyo aliachiliwa porini katika eneo la Meru, na kaburi lake limo katika Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Jina la Meru, kwa hakika, lilisafiri katika sinema za kigeni wakati ambapo mwanakijiji wa huko alikuwa bado akisubiri gari la serikali lipite.

Kanda za video ndizo zilizobadilisha mambo kuanzia miaka ya themanini. Televisheni moja, mashine moja ya video, mabenchi na kuta za mabati vilitosha kuanzisha biashara. Vibanda hivyo vilichipuka katika miji midogo na vituo vya soko kote nchini, vikionyesha filamu za mapigano za Hong Kong, za Kihindi na za Marekani. Humo ndimo yule mtu wa kipaza sauti alipozaliwa upya. DJ Afro na wenzake wa mtindo huo huzungumza juu ya filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, wakiwabandika wahusika majina mapya na hata kuwatungia tabia. Wadadisi wa lugha huwacheka, lakini wao ndio waliofanya sinema ieleweke kwa mtazamaji asiyejua Kiingereza, kazi ambayo hakuna taasisi iliyojitolea kuifanya.

Tatizo ni kwamba biashara hiyo ilijengwa juu ya mchanga wa sheria. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hairuhusu kazi ya mtu kunakiliwa au kuonyeshwa hadharani kwa malipo bila idhini ya mwenyewe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyoanza kutumika Oktoba 1963, inataka filamu ikaguliwe na mwonyeshaji awe na leseni. Bodi ya kuainisha filamu huzipa alama, kuanzia zile za watu wote hadi zile za waliotimu miaka 18. Ndani ya kibanda chenye giza, alama hizo hazina mlinzi. Malalamishi kuhusu wanafunzi wanaotoroka darasa na kujificha vibandani ni ya zamani, na jawabu limekuwa lile lile: msako, televisheni kunaswa, kisha kimya hadi msako mwingine.

Hapa ndipo kaunti zingeingilia kati. Mwenye kibanda hudaiwa leseni ya bodi ya kitaifa na tena kibali cha biashara cha kaunti. Analipa mara mbili, ilhali wanaomtoza hawamwambii ni wapi atapata filamu halali kwa bei anayoimudu. Watunzi wa filamu za humu nchini, kwa upande wao, hulia kwamba hawana mahali pa kuonyesha kazi zao nje ya maduka makubwa ya Nairobi. Pande hizi mbili zinahitajiana, na mwenye uwezo wa kikatiba wa kuzikutanisha ni kaunti.

Wapo watakaosema wakati umepita. Mitambo ya analogi ilizimwa mnamo 2015, ving'amuzi vikaingia nyumbani, na sasa simu ya mkononi inabeba filamu nzima. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haijibu kila kitu. Vibanda hivyo hivyo hujaa wakati wa mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, ishara kwamba watu bado wanalipa ili watazame pamoja. Kadhalika, kuwepo kwa Weru TV inayotangaza kwa Kimeru, na redio kama Muuga FM na Wimwaro FM, ni ushahidi kwamba hadhira ya lugha za huku ipo na inafuatilia.

Si lazima lijengwe jumba la mamilioni. Ukumbi wa kijamii, projekta ya kisasa, saa maalumu za watoto na makubaliano ya malipo na watengenezaji wa filamu ni mwanzo wa kutosha. Serikali ya kitaifa ilimimina fedha katika uwanja wa Kinoru mjini Meru kwa matumaini ya kipute cha CHAN 2018, ambacho Kenya ilipokonywa mnamo 2017. Sehemu ndogo tu ya gharama ya uwanja ingetosha kwa kumbi kadhaa.

Kisheria, makadirio ya bajeti ya kila kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Barabara, maji na zahanati hazikosi watetezi katika vikao hivyo. Sinema, ingawa imo katika Jedwali lile lile la Nne, bado haina wa kuisemea.