Mazingira Gani Tunayoyatafuta?

Kila muhula nasikia kilio kilekile. Mwanafunzi wa Kiswahili anafaulu fonolojia, anachora majedwali ya ngeli, anachambua riwaya kwa nadharia tatu, halafu akiombwa azungumze dakika tano bila karatasi anatazama dari. Sababu inayotolewa ni moja: Rwanda haina mazingira ya Kiswahili. Baada ya hapo hufuata ombi la safari ya Zanzibar, au angalau Dar es Salaam, tukakae na "Waswahili wenyewe". Wahadhiri nao hutikisa kichwa kwa huruma. Mimi nasema sababu hiyo si ya kweli. Tena nasema wanaoitoa wanajua Kiswahili kiko wapi hapa Kigali. Hawataki kuonekana huko.

Ushahidi wangu ni wa Fuso moja iliyojaa vyombo. Mwaka jana nilimsaidia shangazi yangu kuhama kutoka Biryogo kwenda Masaka, wilaya ya Kicukiro. Alikuwa amepanga Biryogo zaidi ya miaka thelathini, vyumba viwili na ua wa pamoja na wapangaji wengine. Mwenye nyumba akauza kiwanja, naye mnunuzi anataka ghorofa. Kwa bahati shangazi alikuwa amekwisha kujijengea nyumba ndogo Masaka, tofali kwa tofali, kwa fedha za maandazi na sambusa. Tukachagua Jumamosi isiyo ya umuganda, tukakodi gari, tukatafuta wapagazi watatu.

Hapo hapo tusimame kidogo. Mpagazi tunamwita nani mjini hapa? Karani ngufu. Mtu huyu hana kalamu wala daftari, ana mgongo na kamba, lakini jina lake ni la Kiswahili kitupu, karani na nguvu, likapita kinywani mwa Mnyarwanda likatoka na f. Hatujafika hata mlangoni na Kiswahili kimekwisha kutupokea.

Kisha vyombo vikaanza kutoka. Kuhamisha nyumba kuna faida moja: kila kitu lazima kitajwe, maana kila kitu lazima mtu aambiwe akiweke wapi. Ikatoka ameza. Ikatoka isanduku, akabati, isahani, isafuriya, isabune iliyobaki nusu, na misumari iliyong'olewa ukutani ambayo shangazi hakukubali kuiacha, imisumari. Hata dirisha tulilolifunga mara ya mwisho ni idirishya. Hayo ni maneno ya Kinyarwanda, na bibi wa Nyaruguru ambaye hajawahi kumwona Mswahili huyatumia kila siku. Yalikuja na vitu vyenyewe, kwa misafara ya wafanyabiashara, kwa askari na makarani waliokuwa na Wajerumani Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907. Mwanafunzi anayesema hana mazingira ya Kiswahili huenda anayasema hayo ameegemea ameza.

Lakini sikusudii mabaki ya msamiati tu. Nakusudia lugha inayozungumzwa. Shangazi alisimama katikati ya ua akiamrisha: "Ile sanduku iko na vikombe, musiitupe!" Mpagazi mmoja, kijana kutoka Goma, akauliza: "Mama, hii kabati itapita wapi? Mulango ni mudogo." Dereva akajibu kwamba lipitishwe kwa ubavu, akaeleza jinsi ya kuliinamisha, wakabishana, wakacheka, likapita. Majirani wakaja kuaga, na mzee mmoja akasoma dua. Mchana mzima sikusikia Kiingereza hata neno moja. Kinyarwanda kilikuwapo, kiliingia na kutoka kama mgeni aliyezoea nyumba.

Najua kalamu nyekundu ingefanya nini hapo. Sanduku lina vikombe, msilitupe. Kabati hili. Mlango mdogo. Sawa. Nami nisingeandika "musiitupe" katika mtihani. Lakini tukumbuke hiyo kalamu nyekundu ilitoka wapi. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kukisimamia ikaanza kazi mwaka 1930, kwa ajili ya maeneo yaliyotawaliwa na Waingereza. Rwanda ilikuwa chini ya Wabelgiji. Hatukualikwa. Kiswahili chetu kilikuwa kimekwisha kufika kwa njia nyingine, kupitia Ujiji na Tabora, Bujumbura na Kongo, kikakua kwa namna yake. Kukiita kibovu kwa sababu hakifuati uamuzi uliofanywa bila sisi ni jambo la ajabu, na ni la ajabu zaidi likifanywa na watu wanaosomea isimu, ambao mwaka wa kwanza tu hufundishwa kwamba kila lahaja ina kanuni zake.

Tatizo si sarufi. Tatizo ni haya. Katika Kinyarwanda neno umuswahili limebebeshwa mzigo: mjanja, mtu wa maneno mengi, wa kuangaliwa mfuko unapokaa naye. Mzigo huo una historia. Chini ya ukoloni Waislamu wa miji yetu walitengwa katika makambi ya Waswahili, na Biryogo ni mtoto wa utengano huo. Ukishamweka mtu pembeni unaanza kumsema kwamba ni wa pembeni. Leo sheria imebadilika. Bunge lilikubali mwaka 2017 Kiswahili kiwe lugha rasmi, miaka 10 baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila tarehe 7 Julai tunavaa fulana na kupiga picha. Tumekubali lugha na tukawakataa wenye nayo. Mwanafunzi anataka Kiswahili cha Zanzibar kwa sababu kina bahari na watalii. Cha Biryogo kina harufu ya gereji.

Safari yenyewe ilikuwa fupi. Tuliteremka Rwampara, Kanogo, Rwandex, Sonatube, Giporoso, tukaupita uwanja wa ndege wa Kanombe. Nilikaa mbele na dereva, shangazi katikati amepakata redio. Barabara hiyo ndiyo inayokwenda Rusumo, na Masaka ndiko iliko bandari kavu iliyozinduliwa mwaka 2019, kwa hiyo foleni yetu ilikuwa ya malori ya makontena yenye namba za Tanzania, yaliyotoka Dar es Salaam, kilomita zinazokaribia 1,500. Tuliposimama, dereva wetu akateremsha kioo na kumsalimia wa lori la jirani. Wakaulizana hali ya mzani, bei ya dizeli, na iwapo mvua imeharibu barabara huko nyuma. Shangazi naye akadakia, akataka kujua bei ya mchele wa Shinyanga. Dakika kumi za mazungumzo kati ya Mtanzania, Mnyarwanda na mama wa Biryogo. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba anakosea. Yule Mtanzania, ambaye wenzangu wangelipa nauli ya ndege kwenda kumsikiliza, alikuwa amekaa Kigali anangoja foleni isogee.

Shangazi sasa ana majirani wema wanaozungumza Kinyarwanda tu. Ijumaa hupanda basi mara mbili kurudi Biryogo, kuswali na kupiga soga. Wapangaji wenzake nao wametawanyika, mmoja Kabuga, mwingine Bugesera. Viwanja vinauzwa, na sioni kosa katika kujenga mji. Lakini ua ule ulikuwa na watu waliozaliwa ndani ya Kiswahili cha Kigali, na sasa kila mmoja yuko kilima chake.

Ndiyo maana ombi langu kwa wahadhiri haliwezi kungoja mtaala mpya. Ruhusuni tasnifu juu ya Kiswahili cha Biryogo, cha Nyabugogo, cha madereva wa Rusumo, na msimpe mwanafunzi alama ndogo kwa sababu data yake ina "iko na". Pelekeni mafunzo ya mazungumzo kule, si katika ukumbi. Fedha za safari moja ya Zanzibar kwa darasa zima zingetulipia nauli ya Biryogo mpaka tuhitimu. Kwa wanafunzi wenzangu sina ombi, nina taarifa: katika ua wa shangazi walikuwamo wazee watano waliokubali kurekodiwa kwa simu. Nimekwisha kuwarekodi wawili. Watatu waliobaki wanapatikana jioni, na wanapenda mgeni aje na sukari.