Mwanamke wa Mithali 31 hakuwa peke yake

Ni nadra kicheni pati au semina ya akina mama kanisani kumalizika bila mwanamke wa Mithali 31 kutajwa. Anaamka kungali usiku, analisha nyumba yake, ananunua shamba, anasokota uzi, anauza nguo, anasaidia maskini, na taa yake haizimiki usiku. Mwali anapigiwa vigelegele na kuambiwa kuwa huyo ndiye wa kumuiga.

Miaka mitano baadaye mwali huyo ana watoto wawili, ameajiriwa, ni mwanakwaya, na ile sindano yake ya kufumia vitambaa vya makochi imelala kabatini tangu alipojifungua mtoto wa kwanza. Kila akijipima na mwanamke yule anajiona ameshindwa. Wengi wenye hali kama yake hawasemi, kwa sababu kulalamika huonekana kama kukosa imani.

Lakini katika sura hiyo hiyo kuna mambo mawili ambayo hupitwa haraka. Kwanza, mstari wa 15 unawataja wajakazi, maana yake nyumba ile ilikuwa na mikono mingine. Pili, kuanzia mstari wa 10 sura hiyo ni shairi. Mistari yake 22 imepangwa kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Ni sifa ya maisha yote ya mwanamke, si ratiba ya siku moja ya Jumatatu.

Hesabu ya usingizi

Chukua mfano wa mama anayeishi Kimara na kufanya kazi Posta, jijini Dar es Salaam. Anaamka saa 10:30 alfajiri ili awaandae watoto wa shule na kuwahi mwendokasi. Anarudi saa 1 usiku, na siku za mazoezi ya kwaya anafika saa 2:30. Bado kuna chakula, madaftari ya watoto, sala ya familia na sare za kesho. Anapanda kitandani saa 5:30 usiku.

Hapo analala saa 5, wakati mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Kwa siku 5 za kazi, deni lake la usingizi ni saa 10. Angelilipa Jumamosi, lakini asubuhi kuna jumuiya na mchana kuna kikao cha harusi.

Deni hilo halifutwi kwa kujikaza. Hujitokeza kwa hasira za ghafla kwa watoto, kusahausahau, makosa kazini na kuumwa kichwa. Likiendelea kwa miaka, huongeza hatari ya shinikizo la juu la damu.

Kinachokatwa kwanza

Muda unapobana, mama haachi kazi kwa sababu kuna ada na kodi ya nyumba. Hawezi kuwaacha watoto. Ibada haiachi. Anaacha kile ambacho hakuna anayemdai: kufuma, kuchora, kuandika, kutunza maua.

Inaonekana ni hasara ndogo, lakini sivyo. Chakula anachopika kinaliwa na kuisha, na nguo anazofua kesho zinachafuka. Kitambaa alichofuma leo, kesho bado kipo. Kwa mtu ambaye kazi zake nyingi hurudi mwanzo kila siku, kuona kitu kimekamilika kwa mkono wake humtuliza akili.

Tatizo jingine huja kwa sura ya pongezi. Kitambaa kikipendeza, swali la kwanza la mgeni ni, "Unauzaje?" Kipato cha ziada ni baraka, ila mama aliyepokea oda sita za Krismasi hapumziki tena, ameongeza zamu ya pili ya kazi. Anayetaka kuuza auze, lakini abakize kazi moja isiyo na mteja. Hata mwanamke wa Mithali aliuza nguo na bado akajitengenezea vyake mwenyewe, kama mstari wa 22 unavyoeleza.

Ni uchovu au ni ugonjwa?

Hapa familia inatakiwa iwe makini. Kukosa muda wa kufuma ni jambo moja. Kuupata muda, kushika sindano na kutoona raha yoyote ni jambo jingine. Mtu akipoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, akawa na huzuni, usingizi ukavurugika na akajiona hana thamani kwa wiki 2 au zaidi, hizo ni dalili za sonona. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu mwanamke 1 kati ya 5 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona.

Mara nyingi mama wa namna hii huambiwa aongeze maombi. Maombi yana nafasi yake, na hayapingani na matibabu. Katika 1 Wafalme sura ya 19, nabii Eliya alichoka hadi akaomba afe. Hakuanza kwa kukemewa. Alilala, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa ale tena. Safari ilifuata baadaye.

Mama mwenye dalili hizo aende kituo cha afya na aeleze kila kitu, si kuumwa kichwa tu. Akiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Mikono mingine

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Baba naye ana angalau siku 3 za likizo. Lakini hakuna sheria inayopanga nani aoshe vyombo usiku. Hilo hupangwa nyumbani.

Baba anaweza kushika jioni mbili kwa wiki. Kushika maana yake ni kuogesha watoto, kuwalisha na kukagua madaftari bila kumpigia mama simu kuuliza chumvi iko wapi. Mtoto wa miaka 7 anaweza kuosha sahani yake na kukunja nguo zake, awe wa kike au wa kiume.

Dada wa kazi naye asisahaulike. Mwanamke wa Mithali aliwapa wajakazi wake sehemu yao. Msaidizi anahitaji mshahara kwa wakati, siku ya kupumzika na muda wa kwenda kusali. Nafuu ya mama isijengwe juu ya uchovu wa binti wa mwenzake.

Kanisani pia kuna la kufanya. Mwanakwaya mwenye mtoto mchanga anaweza kumwomba mwalimu wa kwaya ampunguzie mazoezi hadi mtoto akue kidogo. Jumuiya inayokwenda kumwona mzazi ikiwa na sabuni na khanga, inaweza kuongeza saa mbili za kumbebea mtoto ili mama alale.

Kwa kuanzia, mama achague jioni moja wiki hii, nusu saa tu, na nyumba nzima ijue kuwa muda huo ni wake. Kama deni la usingizi ni kubwa, alale kwanza, kufuma kutafuata.

Shairi lile la Mithali linaeleza kuwa watoto na mume ndio wanaoinuka kumsifu mama. Wiki hii, kabla ya sifa, wanaweza kuinuka wakaanza na vyombo.