Mkitaka Laivu Irudi, Lipeni Kiingilio

Wazee wetu wa Kitale na Bungoma, heshima kwenu, lakini leo mtaniskiza. Kila harusi, kila matanga, kila mahali DJ akiweka rumba, lazima mmoja wenu aanze: nyinyi vijana hamjui muziki, sisi tuliona bendi zikipiga laivu. Halafu stori inafuata. Magitaa matatu, saksafoni, watu wamejaa mpaka dirishani, wimbo mmoja nusu saa. Sisi wasee tunabaki kumezea mate sherehe iliyoisha kabla tuzaliwe.

Hizo stori nazipenda, sikatai. Kitu sipendi ni vile mnazigeuza kiboko cha kutuchapa nacho.

Kwanza tuelewane. Shirati Jazz, Victoria Jazz, OK Jazz: hao hawakuwa wanapiga jazz ya Wamarekani. Walipiga benga na rumba. Neno "jazz" lilikuwa la kujigamba, kusema sisi ni wa kisasa, tuna magitaa ya stima. Ilikuwa swagga ya vijana. Na walikuwa vijana kweli. Franco alizaliwa Julai 1938, OK Jazz ikaanza Juni 1956 huko Leopoldville, siku hizi Kinshasa. Fanya hesabu: hata miaka 18 hakuwa amefikisha. Leo mtoto wa umri huo akionekana na gitaa pale Kanduyi anaulizwa ataacha lini mchezo atafute kazi.

Sasa mnasema bendi zetu hazijaiva. Ni kweli, zingine hazijaiva. Lakini si hiyo ndiyo raha yote ya stori yenu? Mnajivunia kwamba mlikuwa hapo mwanzo, kabla bendi ijulikane, wakati mpiga ngoma alikuwa bado anapotea njia katikati ya wimbo. Mlilipa kuona watu wakijifunza. Ukingoja bendi iive ndipo uende, hutawahi kuwa na stori kama hiyo. Utakuwa na tiketi ya bei ghali tu.

Na kuna swali hamlipendi: nani alikuwa analipa? Angalia Tanzania. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki waliajiriwa, wakapata mshahara, wakapata muda wa mazoezi. Jina limebadilika mara kadhaa, leo ni Msondo Ngoma. Hapa Kenya, Maroon Commandos, waliotoa "Charonyi ni Wasi" mwaka wa 1977, walikuwa wanajeshi. Jeshi ndilo lililowalisha. Kipaji kilikuwepo, lakini nyuma ya kipaji kulikuwa na mtu anayelipa.

Sasa rudi nyumbani. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa 2009. Kiwanda kikifungwa, si karatasi tu inayokosekana. Mshahara wa mwisho wa mwezi unakosekana, na bila mshahara hakuna wa kulipa mlangoni, na bila mlango hakuna bendi. Msituambie eti laivu iliuawa na simu zetu. Ilianza kufa mifuko ilipokauka, na wenye mifuko iliyobaki wakaona DJ ni nafuu.

Ni nafuu, ndio. DJ ni mtu mmoja na kompyuta. Bendi ni watu sita, ngoma, spika, na nauli ya matatu kutoka Bungoma hadi Kitale na kurudi. Hesabu hiyo naielewa. Kitu sielewi ni mwenye hoteli anayeita bendi Jumamosi, anauza nyama na bia mpaka saa nane usiku, halafu anawapa watu sita chipsi na soda na kuwaambia angalau mmejulikana. Hiyo imefanyiwa marafiki zangu. Na kwa meza za mbele walikuwa wamekaa nani? Watu wa rika lenu, wakitingisha kichwa, wakisema muziki wa zamani ulikuwa mtamu. Hakuna aliyetoa hata soo moja.

Kitu kingine. Santuri ndogo za zamani zilibeba kama dakika tatu, nne kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa mara mbili, ukageuza sahani katikati ya utamu. Maana yake ile nusu saa mnayoisifu haikuingia kwenye sahani. Iko kichwani mwenu tu. Kitale tuna makumbusho tangu 1974, na wadudu waliokusanywa na mlowezi wa Kizungu wamehifadhiwa humo vizuri kabisa. Mdudu ana rekodi. Usiku ambao mzae wako alicheza mpaka viatu vikaisha hauna.

Kwa hivyo wasee, kazi yetu ni hii. Toa simu, mrekodi mzae wako. Usikubali "ilikuwa tamu" peke yake. Muulize ukumbi uliitwaje, kiingilio kilikuwa pesa ngapi, nani alipiga solo, bendi ilirudi nyumbani na nini. Halafu muulize mathe wako alikuwa wapi usiku huo. Wengi watakuambia walikuwa nyumbani na watoto, na hiyo pia ni sehemu ya historia, hata kama inaharibu utamu.

Na nyinyi wazee, kuna mbogi inafanya mazoezi karibu na kwenu wikendi hii, kwa karakana, kwa kanisa, kwa sebule ya mtu. Gitaa lina nyuzi tano badala ya sita. Watakosea. Nendeni hivyo hivyo, mtoe soo mbili mlangoni, mkae mpaka mwisho. Mlifanyiwa hivyo na waliolipa kabla yenu. Msipofanya, basi hizo stori mbaki nazo wenyewe, na msituulize tena kwa nini hatujui muziki.