Ajali ya Pili

Wahenga walisema: Mpanda ngazi hushuka. Hata eropleni ni hivyo. Ikipanda haina budi kushuka, ama kwa taratibu, ama kwa kishindo.

Mwezi wa Januari 1954, Hemingway, mwandishi mashuhuri wa Marekani, alikodi eropleni ndogo ili yeye na mkewe wazitazame nchi zetu kutoka juu. Walipitia Bukavu, kisha wakaenda Uganda. Tarehe 23, karibu na maporomoko ya Murchison ya mto Nile, rubani aliruka chini chini. Alipokwepa kundi la ndege, eropleni ikagonga waya wa simu ulioachwa zamani, ikatua kwa kishindo vichakani. Mkewe alivunjika mbavu, lakini wote watatu walitoka wazima, wakalala porini. Kesho yake mashua iliwachukua mpaka Butiaba, penye ziwa Albert.

Nani asingesema kwamba hatari imekwisha? Lakini siku ile ile walipanda eropleni ya pili iwapeleke Entebbe. Ikashindwa kuruka, ikaanguka, ikawaka moto. Mlango ulikwama, Hemingway akaupiga kwa kichwa mpaka ukafunguka. Walipona, lakini majeraha yake yalipita sana yale ya jana. Mwaka ule ule alipewa tuzo ya Nobel, asiweze kusafiri kwenda Stockholm kuipokea.

Sisi wa Sange neno hili twalijua kwa machozi. Tarehe 2 Julai 2010 lori la petroli lilipinduka hapa kwetu, katika barabara ya Uvira na Bukavu. Kupinduka kwake siko kulikoua umati. Petroli ilimwagika, watu wakaja, wengine kutazama, wengine kuchota. Kisha moto ukalipuka, ukawafikia hata waliokuwa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Walikufa watu zaidi ya 200, na watoto wengi miongoni mwao.

Mvuke wa petroli hauonekani. Hutambaa chini, na cheche moja yatosha kuuwasha.

Basi, wazazi, wafundisheni watoto. Eropleni ikianguka shambani au lori likipinduka njiani, aokolewe anayeweza kuokolewa, kisha wote wasimame mbali, upande upepo unakotoka, bila sigara wala kibiriti. Ajali ya kwanza hutujia. Ya pili mara nyingi twaifuata kwa miguu yetu wenyewe, na ndoo mkononi.