Pikapu ya kunyanyuliwa kwa bei poa: familia inapata nini?

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja wa ukurasa huu, baba wa watoto watatu anayeishi Chita, alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilisikia jogoo, na mtoto analilia uji.

"Dada, wewe unaandika mambo ya afya, najua magari siyo kazi yako," alisema. "Lakini mama watoto anatarajia kujifungua mwezi wa nne, na mwezi wa nne wa huku kwetu unaujua. Kuna fundi ananiambia kwa pesa kidogo anainyanyua Hilux yangu inchi mbili, tope halitanisumbua tena. Nimpe pesa au nisimpe?"

Nilitaka kumjibu aulize fundi mwingine, yaishe. Kilichonizuia ni maneno yake ya mwisho. Mtoto wao wa tatu alizaliwa ndani ya gari hilo hilo, usiku, masika, kabla hawajafika kituo cha afya. Gari lilikuwa limekalia tuta la tope katikati ya njia, tairi zinazunguka bure. Mama alivuja damu nyingi. Alipona, lakini mpaka leo gari likikwama moyo wake unamwenda mbio.

Kwa hiyo swali hili ni la ukurasa wa familia. Bonde la Kilombero watu hawanunui pikapu kwa mbwembwe. Asubuhi inabeba mpunga, mchana inawabeba watoto, usiku inambeba mgonjwa. Lami ya kutoka Kidatu imefika Ifakara, lakini ukiendelea kuelekea Mngeta, Chita na Mlimba mvua ikinyesha unakutana na udongo mweusi unaoshika tairi kama ugali wa moto, na mito inayoshuka kwa kasi kutoka milima ya Udzungwa.

Nilichoonyeshwa chini ya gari

Nilimfuata fundi mmoja wa Ifakara aliyezeeka na magari ya shamba. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakunijibu. Aliniambia niiname nichungulie chini ya Hilux iliyokuwa mbele yake.

"Mwanangu, kitu gani kiko chini kuliko vyote hapo?"

Nikamwonyesha lile dude la mviringo katikati ya ekseli ya nyuma.

"Hiyo ndiyo difu. Sasa hizo spesa wanazowauzia zinakaa wapi? Zinakaa juu. Zinasukuma chesisi na bodi kwenda juu. Difu inabaki pale pale ilipokuwa, kwa sababu imeshikwa na ekseli, na ekseli imeshikwa na tairi."

Nilirudia kuchungulia ili niwe na uhakika, na ndivyo ilivyo. Gari la msomaji wetu lilikalia tuta kwa difu. Angeinyanyua kwa inchi mbili au hata nne, usiku ule difu ingekalia tuta lile lile. Kinachoinua difu ni tairi refu zaidi, tena kwa nusu tu: tairi lililozidi la zamani kwa sentimeta 5 za kipenyo linainua difu kwa sentimeta 2.5.

Tusiidhulumu kazi hiyo, ina faida yake. Bampa ya mbele inainuka, na tumbo la gari na sehemu ya chini ya injini zinapata nafasi, hivyo ukipanda ukingo wa mtaro hugongi haraka. Pia inapatikana nafasi ya kufunga tairi kubwa kidogo. Kama shida yako ni bampa kugonga, utaiona tofauti. Kama shida yako ni difu kukaa juu ya tope, umenunua urefu tu.

Bei poa inakatwa wapi

Kuna njia tatu za bei ndogo. Ya kwanza ni spesa, kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya springi ya mbele. Ya pili, kwa Hilux za zamani ambazo mbele hazina springi za kujiviringa, ni kukaza toshenibaa. Hapo hakinunuliwi kitu, fundi anazungusha boliti tu. Ya tatu ni ya nyuma: kuweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, au kurefusha vile vyuma vinavyoning'iniza springi kwenye chesisi.

Njia hizo zinainua gari bila kubadilisha kazi ya springi na shokapu. Shokapu ni zile zile za zamani, zimelazimishwa kufanya kazi zikiwa zimenyooka kuliko zilivyotengenezwa. Ukipita shimo, gurudumu la mbele halina tena nafasi ya kutosha ya kushuka, linagota. Boli jointi na ekseli fupi za mbele zinakaa kwa pembe kali zaidi, na zinakwisha mapema. Bila kufanya alaimenti, tairi linalika upande mmoja, na bei ya tairi moja inaweza kumaliza akiba yote uliyodhani umeipata kwa fundi.

Kuna jambo moja ambalo wenye Hilux wengi hawaambiwi. Hilux nyingi zina valvu ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Nyuma ikishuka kwa mzigo, valvu inajua gari limebeba, inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Nyuma ikiinuka, inajua gari ni tupu, inapunguza. Fundi akiinua nyuma bila kurekebisha fimbo hiyo, gari lililojaa magunia linafunga breki kama gari tupu. Ukiwa na watoto kwenye kebini na mpunga nyuma, mteremko si mahali pa kuligundua hilo.

Taa za mbele nazo zinainuka pamoja na bodi. Zisiposhushwa, zinampiga machoni mwenye bodaboda anayekuja mbele yako, mara nyingi akiwa amempakia mama na mtoto. Na gari likiwa juu uzito wake unakuwa juu, linalala haraka kwenye kona, hasa likiwa na shehena.

Mwili wa mgonjwa unasema nini

Hapa sasa naingia kwenye kazi yangu.

Gari lililonyanyuliwa kwa kuongeza vyuma vigumu nyuma linarusha sana likiwa tupu, na safari ya mgonjwa mara nyingi ni ya gari karibu tupu. Mtikisiko huo unamuumiza aliyevunjika mfupa na aliyefanyiwa upasuaji, na mama mwenye uchungu unamtesa. Dereva anayeendesha kila siku atausikia kiunoni.

Mgonjwa akae kebini, katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndipo mtikisiko unapopungua. Kwenye bodi ya nyuma, juu kabisa ya ekseli, ndipo panaporusha kuliko pote, na hakuna mkanda. Mama mjamzito akipanda mbele, mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na wa bega upite katikati ya matiti. Usipite juu ya mtoto.

Fikiria pia hatua ya kupandia. Inchi mbili zinaonekana ndogo kwa kijana. Kwa mama wa miezi tisa au bibi mwenye magoti mabovu, ni tofauti ya kupanda mwenyewe na kubebwa.

Na watoto. Kadiri boneti inavyokuwa juu ndivyo eneo la mbele ambalo dereva halioni linavyokuwa refu. Mtoto wa miaka mitatu aliyesimama mbele ya pikapu uani hupotea kabisa chini ya boneti. Kabla ya kuwasha gari, zunguka ulitazame, halafu hesabu watoto kwa majina.

Maji hayaheshimu inchi mbili

Fundi akikuahidi kwamba ukinyanyua gari utavuka mito, ondoka kwenye gereji hiyo. Maji yanayokwenda kwa kasi, yakifika kama sentimeta 60, yanaweza kuchukua magari mengi, pikapu zikiwemo. Ukiinua bodi, nguvu ya maji haipungui, na shimo lililochimbwa chini ya maji bado hulioni. Mafuriko ya mwaka 2024 tunayakumbuka: hadi tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu alililiambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki nchini kwa mvua na mafuriko yake. Mto ukijaa, subiri au geuza.

Pesa hiyo ianzie wapi

Nilimwuliza yule mzee angefanya nini kwa pesa ya msomaji wetu. Alihesabu kwa vidole.

Kwanza, tairi nne nzuri zenye kashata nzito, saizi inayokubalika na gari. Kwenye tope tairi ndilo linaloshika ardhi, na kipara hakiponywi na spesa.

Pili, shokapu na bushi mpya kama za zamani zimechoka. Akaongeza kwamba magari mengi yanayoletwa kunyanyuliwa hayahitaji kunyanyuliwa. Springi zake za nyuma zimelala kwa miaka ya kubeba kupita kiasi. Ukifunga springi mpya zenye kimo chake cha asili, gari linarudi juu lenyewe.

Tatu, hakikisha fowili inafanya kazi. Ijaribu kiangazi, usisubiri kuijaribu ukiwa umekwama.

Nne, vifaa: koleo, panga, kamba imara ya kuvutia, jeki na kipande cha ubao mpana wa kuiwekea chini ili isizame. Tochi yenye betri. Pampu ya upepo, kwa sababu kupunguza upepo kidogo kunasaidia tairi kushika tope, lakini lazima uujaze tena ukifika njia ngumu.

Ukishayafanya yote hayo na bado unataka kimo, usizidishe inchi mbili. Nunua seti kamili, springi na shokapu zilizotengenezwa kwenda pamoja. Mwambie fundi mbele yako arekebishe valvu ya breki, aangalie kama hozi za breki hazivutiki gurudumu likishuka, ashushe taa, na gari lipelekwe alaimenti. Kisha lipakie mzigo wako wa kawaida ulijaribu breki mahali patupu. Fundi asiyetaka kufanya hivyo amekupa bei ndogo kwa kuacha kazi. Na kumbuka, kunyanyua hakuongezi hata gunia moja kwenye uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba.

Mpango wa kujifungua usitegemee springi

Nilimpigia msomaji wetu nikamweleza haya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo usiku ule isingesaidia." Isingesaidia, kaka.

Tulizungumza kuhusu mambo ambayo yangesaidia. Dharura ya mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga ina namba ya bure, 115, ya mfumo wa m-mama. Inatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana inatafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa. Iandike namba hiyo ukutani, siyo kwenye simu ya baba peke yake. Piga mapema ukiona damu, degedege, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, maji kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Usisubiri kupambazuke.

Kwa wanaoishi mahali ambapo masika hukata njia, jambo kubwa kuliko yote ni kumsogeza mama kabla ya siku. Kliniki watakwambia tarehe anayotarajiwa. Wiki mbili au tatu kabla, awe kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua pale inapopatikana. Reli ya TAZARA inapita bondeni. Ulizeni stesheni ratiba mapema, njia ikiwa bado kavu. Tengeni nauli, nguo za mtoto, na mtu wa kubaki na wakubwa zake.

Jana jioni nilipata ujumbe mwingine kutoka Chita, mara hii wa maandishi. Tairi mbili zimenunuliwa, mbili zitafuata mpunga ukiuzwa. Shokapu za nyuma zitabadilishwa. Mama watoto ataondoka mwishoni mwa mwezi wa tatu kwenda kwa dada yake Ifakara.

"Hilux itabaki fupi," ameandika. "Ila safari hii haina mgonjwa."

Nawatakia masika salama. Tukutane wiki ijayo.