Barua ya wazi kwa Taasisi ya Elimu: Waacheni watoto wacheke, watatunga

Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Elimu Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA MASHAIRI YA KUCHEKESHA KATIKA VITABU VYA KISWAHILI VYA SHULE ZA MSINGI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakusalimu kutoka Kigombe, wilayani Muheza, kijiji cha wavuvi, wakulima wa mwani na vibarua wa mkonge. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unataka mtoto aoneshe anachoweza kukifanya badala ya kukariri tu. Kwa msingi huohuo naleta ombi moja: mtoto afundishwe kutunga shairi, na aanze na shairi la kuchekesha.

Kwa sasa mtoto akikutana na shairi darasani, hulikuta kama mzigo wa kukaguliwa. Lina beti ngapi? Kila mshororo una mizani mingapi? Vina vya kati ni vipi? Mtihani wa darasa la saba umezoea kuuliza hivyo, na mwalimu hawezi kulaumiwa kwa kufundisha kinachoulizwa. Siku akija mgeni rasmi, watoto hupangwa mstari wakaghani ngonjera, lakini maneno ni ya mwalimu: karibu mgeni wetu, madawati hayatoshi, choo kimejaa. Mshairi Mathias Mnyampala alipozieneza ngonjera baada ya Azimio la Arusha, zilikuwa majibizano, huyu anatoa hoja na yule anaipangua. Zilizobaki shuleni, nyingi ni risala zenye vina.

Sisemi vina na mizani vitupwe. Nasema kinyume chake: hakuna mwalimu wa vina na mizani anayeshinda kicheko. Niruhusu nikuoneshe kwa ubeti niliowatungia watoto wa hapa. Habari yenyewe wanaijua. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu walimjua kwa mabaki ya mawe tu, wakaamini ametoweka tangu zama za dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka ya mwanzoni mwa 2000 akaanza kunaswa na majarife ya wavuvi wa Tanga, na mwaka 2009 ikaundwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, ambayo Kigombe imo. Ubeti ni huu:

Samaki alozikika, kaibuka kwenye nyavu,
Wasomi wakashituka, midomo yao mikavu,
Babu yangu akacheka, hadi akavunja mbavu,
Akasema, "Huyu kaka, alilala tu, mvivu!"

Kila kipande kina mizani 8. Sasa liondoe neno "tu" katika mshororo wa mwisho, usome tena kwa sauti: "alilala mvivu." Mizani imebaki 7, na ulimi umejikwaa palepale watu walipotaka kucheka. Mtoto wa darasa la tatu haambiwi kwamba kuna kosa, analisikia. Atatafuta mwenyewe silabi ya kuziba pengo, na akiipata amejifunza mizani kwa namna ambayo ubao na chaki haviwezi kumfundisha. Kina nacho ni hivyohivyo. Katika shairi la mzaha, kwenye kina ndipo kicheko kinapotua, kwa hiyo msikilizaji anakingojea na mtunzi hathubutu kukikosa. Katika shairi la nasaha, kina kikipotea wengi hawashtuki.

Njia hii imeshajaribiwa kwingine. Mwaka 1968 mshairi wa Marekani, Kenneth Koch, aliingia katika shule moja ya msingi ya New York akaanza kuwafundisha watoto kutunga. Hakuanza na kanuni. Aliwaambia kila mstari uanze na "natamani", au kila mstari uwe na uongo ndani yake. Watoto wakaandika, na mwaka 1970 akachapisha kitabu chenye mashairi yao. Sisi hatuna haja ya kuagiza uongo huo kutoka ng'ambo. Pwani hii kupiga chuku ni mchezo wa kila baraza. Mvuvi akisimulia chewa aliyemponyoka, kila akirudia samaki anaongezeka urefu. Vitendawili tunavyo, na utani wa babu na mjukuu tunao. Mtoto anafika shuleni na mtaji huo wote, kisha tunamwambia ushairi ni wa kuhimiza kilimo bora na usafi wa mazingira.

Najua litakalosemwa na wazee wenzangu: ushairi ni adili. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kuzikwa Machui, jirani zetu hapa kusini mwa Tanga mjini, aliwaandikia wanawe nasaha kwa utenzi. Ni kweli, na tenzi hizo zisomwe. Lakini aliyeziandika alikuwa mtu mzima, bingwa, anayejua uchungu wa dunia. Kumtaka mtoto wa miaka tisa aanzie hapo ni kumvisha kanzu ya babu yake. Wengine watahofu matusi na kejeli. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni sharti moja la darasani: tunacheka jambo, hatucheki umbile la mtu, umaskini wake wala kabila lake.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, naomba mambo matatu. Kwanza, vitabu vya Kiswahili vya darasa la tatu hadi la sita viwekewe mashairi mafupi ya kuchekesha, na baada ya kila shairi zoezi la kwanza liwe "tunga ubeti wako", ndipo yafuate maswali ya vina na mizani. Pili, kiongozi cha mwalimu kieleze hatua zake: watoto waghani, wapige makofi kila silabi, watunge kwa mdomo wawiliwawili, kalamu ije mwisho. Darasa la watoto 80 linaweza kufanya hivyo bila kifaa chochote. Tatu, kwa kuwa Taasisi yako ndiyo inayosimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, kila mwaka chapeni pamoja nayo kijitabu cha mashairi yaliyotungwa na wanafunzi wenyewe, na nakala zifike hadi shule za vijijini.

Gharama ya ombi hili ni kurasa chache. Ukiwa na shaka, mtume mkuza mtaala mmoja aje Kigombe, akae na watoto asubuhi moja, awape mshororo wa kwanza kisha anyamaze. Atakayoyasikia yatatosha kuwa rasimu ya sura ya kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Kigombe,
Muheza, Tanga.